Eshapema inavuja? Ziba kwanza, ndipo uvike mkanda wa joto

Ukikaa dakika kumi tu kando ya barabara pale Kiambi, utaitambua pikipiki yenye eshapema mbovu mbele ya kuiona. Inapiga makelele ya kupasuka-pasuka, mbwa wanakimbia, watoto wanacheka. Kisha inapita mbele yako: bidoni moja ya njano upande wa kushoto, moja upande wa kuume, zote zimejaa esansi, na katikati mama ameketi na mtoto wake. Bidoni ya upande wa kuume iko kiganja kimoja tu toka bomba la moshi. Hapo si jambo la kucheka tena.

Kiambi iko kando ya mto Luvua, ule unaotoka ziwa Moero kule Pweto na kukutana na Lualaba pale Ankoro. Garaji yenye vyombo vyote iko mbali. Vipuri vinatoka Kalemie, Lubumbashi, ao vinavuka ziwa toka Kigoma. Kwa hiyo watu wengi wanatengeneza wenyewe, chini ya mwembe, na kle mbili tatu na nyundo. Hakuna ubaya. Kazi ya eshapema mtu anaweza kuifanya nyumbani, kama anajua aanzie wapi na asiguse nini.

Siku hizi kuna pia mkanda wa joto, ile kanda ya kitambaa wanayozungushia bomba ili lisichome. Wamotari wanaupenda kwa sababu unapendeza macho, na madereva wanaambiwa unaongeza nguvu ya moteri. Tutaueleza vizuri. Lakini neno kubwa la makala hii ni hili: mkanda hauzibi tundu. Ukiuvika juu ya bomba linalovuja, umeficha ugonjwa, haujaponya.

Eshapema inafanya kazi gani

Esansi ao mazutu ikiungua ndani ya moteri, moshi wa moto sana unatoka kwa nguvu. Sehemu ya kwanza inayoupokea inaitwa kolekteri. Kwa pikipiki yenye silinda moja ni bomba moja tu lililopinda. Kwa gari ni mabomba mengi, moja kwa kila silinda, yanayokutana na kuwa moja. Land Cruiser ya mazutu yenye moteri ya 1HZ, ile tunayoiona kila siku katika mashirika na kwa wafanyabiashara, ina silinda sita, basi kolekteri yake inakusanya moshi wa matundu sita.

Kuna kolekteri za namna mbili. Ya kwanza ni ya chuma kizito cha kumiminwa, ndiyo inayotoka kiwandani kwa magari mengi. Inavumilia miaka, lakini haipendi kushtuliwa. Gari likipanda mlima na mzigo, kisha likaingia mtoni palepale, chuma chenye moto mkali kinapigwa na maji baridi, kinapasuka. Ya pili ni ya mabomba membamba yaliyopindwa na kusudwa pamoja. Ni nyepesi na moshi unapita vizuri, lakini bomba jembamba linaachia joto jingi ndani ya kapo ya moteri, na linatikisika zaidi.

Joto lenyewe ni la kiasi gani? Moshi unaotoka katika moteri ya mazutu iliyobeba mzigo unaweza kufika digrii 500 hadi 700. Kwa moteri ya esansi unaweza kupita hata 800. Sasa linganisha: plastiki ya bidoni inaanza kuyeyuka karibu digrii 130. Zinki inayeyuka kwa 420. Na ngozi ya mtu haihitaji mengi: kitu cha digrii 70 kinaiunguza kwa sekunde moja hivi.

Hatari tatu za bomba linalovuja

Ya kwanza ni moto. Tundu dogo karibu na moteri linatoa ulimi wa moshi wa moto na mara nyingine cheche. Kama mbele yake kuna bidoni, bashi, tiyo ya esansi ao nyaya za umeme, unaelewa mwenyewe. Wakati wa kiangazi nyasi ndefu katikati ya barabara zinaingia chini ya gari na kushikamana na bomba. Zikikauka pale, zinawaka.

Ya pili haionekani. Katika moshi wa moteri kuna gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia katika damu inashika nafasi ya hewa safi, kwani damu inaipenda mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Kamio yenye kolekteri iliyopasuka inaweza kuingiza gesi hiyo ndani ya kabini kupitia matundu ya pedali na ya lever ya vitesi. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, mtu anataka kutapika, anasinzia. Wengi wanadhani ni malaria ao uchovu wa safari. Kama watu wawili ao watatu ndani ya kabini moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakishuka inje wanapata nafuu, usitafute mchawi. Zima moteri, fungua milango, tafuta mvujo.

Ya tatu ni ya kila siku: kuungua mguu. Pikipiki nyingi bomba lake liko upande wa kuume. Abiria anashuka upande huo, nyama ya mguu inagusa chuma. Watoto ndio wanaumia zaidi, kwa sababu miguu yao ni mifupi na inaning'inia palepale.

Mbele ya kufungua: tafuta tundu

Usikimbilie kle. Angalia kwanza. Mahali panapovuja panaacha alama nyeusi ya masizi, ao kwa chuma kilichopata kutu panabaki mstari mweupe-kijivu. Asubuhi, moteri ikiwa baridi kabisa, washa, na mwenzako azibe mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene chenye maji kwa sekunde chache tu. Wewe sikiliza karibu na moteri. Ukisikia "tss, tss, tss", hapo ndipo. Maji ya sabuni yakipakwa mahali hapo yatatoa mapovu. Fanya hayo inje, penye hewa, na uache mara chuma kinapoanza kupata moto.

Mara nyingi si bomba lililopasuka. Ni jointi iliyoungua, ile inayokaa kati ya kolekteri na kulasi, ao ekru zimelegea. Hapo unaokoa franga zako: unabadilisha jointi peke yake.

Kufungua kolekteri bila kuvunja gujo

Gujo ni vile vijiti vya chuma vyenye meno vilivyoingia ndani ya kulasi. Kuvunja gujo moja kunaweza kugeuza kazi ya saa mbili kuwa kazi ya wiki mbili. Kwa pikipiki ndogo gujo ni nyembamba, ekru yake inashikwa na kle ya 10, na inakatika upesi. Kwa magari mengi ni kle ya 12, 13 ao 14.

Fuata mpango huu:

1. Weka gari mahali sawa, zuia magurudumu kwa mawe makubwa, ondoa nyaya ya batri. Ukihitaji kuingia chini, usiamini kriki peke yake. Weka magogo manene ya miti migumu. Kriki inateleza, gogo linabaki.

2. Usiku mmoja mbele ya kazi, safisha meno ya gujo kwa brosi ya waya na utie mafuta mepesi. Kama hakuna mafuta ya kufungulia kutu, changanya mafuta ya taa na mafuta ya moteri kidogo, tia mara mbili tatu, acha yalale.

3. Fungua polepole. Ekru ikikataa, irudishe kidogo upande wa kufunga, kisha upande wa kufungua, kama mtu anayebembeleza. Ukisikia inakuwa laini kama mpira, simama. Ndivyo gujo inavyolia mbele ya kukatika. Tia tena mafuta na ungoje.

4. Toa jointi ya zamani yote. Kwaruza uso wa kulasi bila kuuchimba, kwani kulasi nyingi ni za aliminiamu, chuma laini. Ziba matundu kwa kitambaa ili taka zisiingie ndani ya moteri. Na usisahau kukiondoa.

5. Weka rula ao bati lililo nyoofu kabisa juu ya uso wa kolekteri. Mwanga ukipita chini yake, kolekteri imepinda. Ukiifunga hivyo, itavuja tena hata na jointi mpya.

Kufunga: katikati kwanza

Jointi mpya kila mara. Ile ya pikipiki ni pete ya shaba ambayo inajibana mara moja tu. Ukiirudisha, haizibi tena. Jointi iliyokatwa toka mkebe wa maziwa inaweza kukufikisha nyumbani siku moja ya taabu, lakini si dawa.

Ingiza ekru zote kwa vidole mbele ya kutumia kle. Kisha anza kukaza zile za katikati, ukielekea pembeni, huku na huku, kwa mizunguko miwili ao mitatu. Usimalize ekru moja mpaka mwisho wakati nyingine bado zinacheza. Tumia kle fupi na nguvu ya mkono mmoja. Yule anayeongeza bomba refu kwenye kle "ili ishike vizuri" ndiye atakayerudi kesho na gujo mkononi.

Kwa pikipiki kuna siri moja ndogo: acha bulo inayoshika bomba la nyuma kwenye fremu ikiwa imelegea. Kaza kwanza upande wa moteri, halafu nyuma. Ukigeuza mpango, bomba linavutwa kwa nguvu, na baada ya mashimo machache ya barabara yetu litapasuka pale kwenye kona.

Kama unaweka kolekteri ya mabomba membamba mahali pa ile ya kiwanda, angalia inapita karibu na nini. Tiyo za frein, tiyo za mazutu na nyaya zikae mbali nayo sentimita kadhaa, na zifungwe zisitikisike kuelekea huko. Washa moteri dakika kumi na tano, zima, acha ipoe kabisa, kisha kaza tena. Rudia baada ya siku mbili tatu za kazi.

Neno moja kwa wasudaji wetu. Kuna wanaotengeneza bomba la moshi kwa bomba la maji lililopakwa zinki. Ukilisude, ile zinki inatoa moshi mweupe. Anayeuvuta anapata homa, baridi na maumivu ya kifua usiku uleule. Tumia bomba la chuma kisichopakwa. Kama hakuna jingine, kwaruza zinki yote mpaka mbali na mahali pa kusude, na ufanyie kazi inje, upepo ukikupiga toka mgongoni.

Sasa tuzungumze mkanda wa joto

Mkanda huu umefumwa kwa nyuzi za kioo, ao kwa nyuzi za jiwe jeusi la volkano lililoyeyushwa na kuvutwa. Ule wa kioo unavumilia karibu digrii 600. Wa jiwe unavumilia zaidi. Kazi yake ni kubakiza joto ndani ya bomba. Kwa Land Cruiser yenye kolekteri ya mabomba, kapo ya moteri haichemki sana, na nyaya zinapumzika. Nguvu ya moteri haiongezeki kwa namna utakayoisikia njiani na mzigo wa mahindi. Usinunue kwa sababu hiyo.

Na kuna bei ya kulipa. Joto lisilotoka inje linabaki katika chuma. Bomba jembamba la chuma cha kawaida linachoka upesi, linakuwa kama biskuti. Tena mkanda unakunywa maji. Gari linalovuka mito na kulala kwenye mvua litabaki na bomba lenye unyevu, na kutu inakula chini kwa chini bila wewe kuona. Chuma kisichopata kutu ndicho kinafaa kuvikwa. Kolekteri nzito ya kiwanda, iache ilivyo.

Usivike kabisa kama moteri inavuja mafuta juu ya bomba. Mkanda utayanywa, na siku moja utakuwa utambi wa taa.

Kama umeamua kuvika, hesabu kwanza. Kwa bomba la unene wa milimita 45 na mkanda wa upana wa sentimita 5, kila mita moja ya bomba inakula karibu mita 4 za mkanda. Kisha:

1. Vaa ganti, mikono mirefu na kashene. Nyuzi hizo zinawasha ngozi na hazifai kuingia kifuani. Watoto wakae mbali.

2. Safisha bomba, ondoa kutu na mafuta. Ni rahisi zaidi kulivika likiwa limeshatolewa kwenye gari.

3. Mkanda wa kioo, ulowanishe kidogo kwa maji ili uwe laini na usirushe vumbi. Ule wa jiwe, vika mkavu.

4. Kwa pikipiki, anzia chini na upande kuelekea moteri. Kila mtu wa Kiambi aliyewahi kuezeka nyumba ya nyasi anajua sababu: unaanza chini, safu ya juu inalala juu ya ya chini, maji yanateleza bila kuingia. Ukianzia juu, kila safu inakuwa mfuko wa kupokea mvua na matope.

5. Vuta kwa nguvu. Kila mzunguko ufunike ule uliopita kwa robo ya upana. Ukizidisha, joto linazidi mahali pamoja.

6. Funga mwanzo na mwisho kwa kamba za chuma kisichopata kutu. Waya ya kawaida itakatika. Plastiki itayeyuka siku ileile.

Mara ya kwanza ukiwasha utaona moshi mwingi na harufu. Ni kawaida. Acha moteri inguruме inje dakika ishirini hivi, usitie gari ndani ya kiwanja kilichofungwa, wala usiondoke pale. Moshi ukiendelea siku ya pili, kuna mafuta mahali fulani. Vua uangalie.

Vitu visivyofaa kuvika

Gunia, kamba ya katani, kipande cha blanketi, mpira wa gurudumu: vyote vinaungua. Lakini kuna kibaya zaidi kwa sababu hakiungui. Ni amianti, ile kamba ao kitambaa cheupe-kijivu kinachotolewa kwenye mashine za kale. Fundi wa zamani atakuambia hakuna kinachoshinda amianti kwa moto, na hajakosea. Ila vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema aina zote za amianti zinaleta kansa, na ugonjwa unaweza kutokea miaka 20, 30 ao 40 baadaye. Hakuna eshapema yenye bei hiyo. Ukikuta kamba ya namna hiyo, usiikate, usiikung'ute.

Kwa pikipiki, bati linashinda mkanda

Tuseme ukweli: kwa pikipiki ya kubeba abiria, mkanda si jibu bora. Uso wake nao unapata moto, na mvua zetu zitauharibu. Kinga ya bati inafanya kazi nzuri zaidi. Chukua kipande cha bati, kipinde kifuate umbo la bomba, kitoboe matundu madogo, na ukifunge kikiwa mbali na bomba kwa upana wa kidole ao viwili. Ile hewa inayopita katikati ndiyo inayozuia joto. Kunja pembe zake zisikate mguu. Fundi yeyote wa kusude anaweza kuifanya siku moja.

Na bidoni? Zifungwe nyuma, juu ya porte-bagaji, si ubavuni mwa bomba. Esansi na abiria havipandi pikipiki moja. Motari atasema hapo anapoteza pesa. Ni kweli, anapoteza safari moja.

Mtu akiungua

Tia mahali pameungua chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, ao mwagia kwa kikombe polepole, dakika 20 kamili. Hata kama analia, endelea. Usipake mawese, wala dawa ya meno, wala asali, wala maji ya batri. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, na umpeleke kituo cha afya, hasa akiwa mtoto, ao kidonda kikizidi kiganja chake mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, kesho asubuhi mbele ya kuwasha, inama dakika moja uangalie eshapema yako ikiwa bado baridi. Tafuta masizi, gusa ekru, ondoa nyasi. Kama inalia, ziba. Ikishaziba, ndipo ujiulize kama inahitaji nguo.